Mimi namsikia mteja, yeye hanisikii: ninunue ruta gani?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nafanya kazi ya kupokea simu za wateja nikiwa nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Simu zinapita kwenye intaneti kwa programu iliyo kwenye laptopu, na wateja wako Uingereza. Nikipima kasi napata megabiti 18 kupakua na 4 kupakia. Tatizo ni kwamba jioni mimi namsikia mteja vizuri kabisa, ila yeye analalamika sauti yangu inakatakata kama roboti. Halafu kuna simu zinazokatika zenyewe baada ya kama nusu dakika, hata asubuhi nyumba ikiwa tupu. Bajeti yangu ni laki moja na nusu. Duka moja Kariakoo wamenionyesha ruta ya antena sita, wanasema hiyo ndiyo dawa. Ninunue?

Jibu: Nzuri, dada. Hiyo ya antena sita iache kwanza. Ulichoeleza ni magonjwa mawili tofauti, na antena haitibu hata moja kati ya hayo. Moja linaweza kuisha leo bila kutoa senti. Lingine ndilo linaloweza kukupeleka dukani, lakini ukifika huko utauliza swali tofauti na lile ulilouliza mara ya kwanza.

Tuanze na sauti ya roboti, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza hela. Mtu akisikia simu inakatika, akili yake inakimbilia kasi: niongeze kifurushi, ninunue ruta kubwa. Lakini simu ya sauti haili chochote. Kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, iliyo ya kawaida kwenye simu za ofisini ni G.711, nayo inabeba sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Inaikata vipande vya milisekunde 20, kwa hiyo kila sekunde vinatoka vipande 50, kila kimoja kina baiti 160 za sauti. Ukijumlisha anwani na vifungashio vyake, simu nzima inafika kilobiti 87 hivi kwa kila upande. Wewe una megabiti 4 za kupakia. Kwa hesabu tupu ungeweza kupiga simu zaidi ya 40 kwa mpigo kutoka hapo sebuleni kwako. Kasi unayo.

Usichokuwa nacho ni nafasi ya kupita. Kumbuka Barabara ya Morogoro pale Ubungo saa kumi na mbili jioni, kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza mwaka 2016. Hata aliyebeba bahasha tu mkononi alikaa kwenye daladala nyuma ya semitrela saa nzima. Pakiti za sauti yako, yaani vile vipande, ni hizo bahasha, na semitrela ni video ambayo simu ya mtu mwingine humo ndani inaipandisha mtandaoni. Mlango wa kutokea ni mmoja na mwembamba, megabiti 4. Ruta ikipokea vitu vingi kuliko mlango unavyoweza kupitisha inavipanga foleni kwenye kumbukumbu yake, na ruta za bei rahisi zinapanga kwa mtindo wa nani kafika kwanza. Foleni ikiwa na kilobaiti 500, hizo ni biti milioni 4, yaani kwenye laini yako ni sekunde moja kamili ya kusubiri. Mteja wako London anasubiri sekunde nzima, kisha vipande vinamfikia kwa kishindo au vingine havifiki kabisa. Wewe unamsikia vizuri kwa sababu sauti yake inakuja kwa barabara ya kupakua, ambayo ina njia 18 na haijajaa. Ndiyo maana niliposoma tu kwamba wewe unasikia na yeye hasikii, nilijua pa kuanzia.

Ugonjwa huu una jina, bufferbloat. Alilipa jina hilo mhandisi Mmarekani, Jim Gettys, baada ya kuchunguza mwaka 2010 kwa nini intaneti ya nyumbani kwake inakwama. Sababu yake inachekesha kidogo: watengenezaji walijaza kumbukumbu kwenye ruta ili pakiti zisipotee, wakasahau kwamba pakiti ya sauti iliyochelewa sekunde moja ni sawa na iliyopotea.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe leo jioni. Kwenye laptopu ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8 -t, amri inayopima pakiti inachukua muda gani kwenda na kurudi, kisha uache namba zishuke. Angalia ile namba ya milisekunde mwisho wa kila mstari. Tuseme inacheza kwenye 40 au 60. Sasa chukua simu yako, anza kupandisha video ndefu kwenye hifadhi ya mtandaoni, na urudi kuangalia. Namba ikiruka hadi 400, 700, 1,200, na ikirudi chini mara tu unaposimamisha video, umempata mwizi. Ikibaki pale pale 50 au 70, basi foleni si tatizo lako, na ruta mpya haitakusaidia kwa hili.

Nina mteja Mbezi, mwanasheria, aliyeniita mara tatu kwa tatizo hilohilo. Simu zake zilikuwa zinaharibika kila siku ya shule kuanzia kama saa kumi na moja jioni, na alikuwa ameshalaumu kila mtu kuanzia fundi wa faiba hadi mvua. Nilikaa naye sebuleni nikiwa na ping imefunguliwa. Saa kumi na moja na dakika chache geti likagongwa, kijana wake akaingia na begi mgongoni, simu ikashika waifai, na pale pale namba zikapanda kutoka 45 hadi mia nane na kitu. Simu ya mtoto ilikuwa inapandisha picha na video zote za mchana kwenda kwenye hifadhi. Kijana mwenyewe alikuwa jikoni anatafuta chakula, hata hajaishika. Tulizima kupandisha kwa otomatiki, tukaweka kufanyike usiku, na yule mwanasheria hakununua kitu. Jaribu hilo kwako kabla ya jambo lolote.

Kama nyumba yako ina watu wengi na huwezi kuwa askari wa simu zao, hapo ndipo ruta inapohitajika. Na sifa unayoitafuta ni moja: iweze kupanga foleni kwa akili. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia inayoitwa CoDel, ambayo inapima muda pakiti zinaokaa foleni badala ya kuhesabu ziko ngapi. Zikizidi milisekunde 5 kwa muda fulani, inaanza kutupa chache ili anayetuma apunguze mwendo. Baadaye ikaja FQ-CoDel, inayoupa kila mtiririko wa data foleni yake ndogo, na baada yake CAKE, iliyoingia mwaka 2018 kwenye Linux, mfumo huru wa kompyuta. Hizi ndizo mwendokasi zako. Bahasha inapita pembeni, semitrela inasubiri zamu. Ukienda dukani muulize muuzaji: naweza kuweka kikomo cha kupakia mwenyewe, na kuchagua foleni ya CAKE au FQ-CoDel? Akianza tena kukuhesabia antena, mshukuru na upite duka la pili.

Kwa majina sasa. MikroTik, kampuni ya Riga kule Latvia, ndiyo mafundi wengi wa huku tunaifahamu, na ina CAKE kuanzia toleo la 7 la programu yake. Ndogo kabisa, hAP lite, ina waifai ya gigahezi 2.4 peke yake na matundu ya megabiti 100, lakini kwa laini ya megabiti 18 na laptopu iliyochomekwa waya inatosha. Mimi kwako ningetafuta hAP ac lite, kwa sababu inaongeza waifai ya gigahezi 5 na laini yako haitaitoa jasho. Ukipata hAP ac2 kwa bei ya kuelewana, chukua hiyo. Ina prosesa ya viini vinne na matundu ya gigabiti, na itakufaa hata ukija kupandisha kifurushi mara kumi. Bei za Kariakoo zinabadilika na dola, kwa hiyo usishike namba uliyoisikia mwezi jana, na ubakishe hela kidogo ya kitu nitakachokitaja mbele.

Ubaya wa MikroTik nauweka wazi: menyu zake zinatisha. Zimetengenezwa kwa fundi, hazikutengenezwa kwa mama mwenye haraka. Kama huna mtu wa kukusaidia saa moja ya mwanzo, kuna njia nyingine, ruta yoyote inayokubali OpenWrt, mfumo huru ambao ndani yake CAKE inawekwa kwa fomu ya mistari michache. TP-Link Archer C7 ya mtumba ni mfano mzuri. GL.iNet wanauza ruta ndogo ambazo tayari zinatembea juu ya OpenWrt. Ila kwenye mtumba, igeuze ruta usome kibandiko cha chini, kuna sehemu imeandikwa Ver na namba. Modeli moja yenye matoleo mawili inaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa ndani, moja inakubali OpenWrt na nyingine haikubali. Jina la mbele ya boksi halitoshi. Na ruta za kuweka laini ya simu, zilizofungwa kwa kampuni moja, usiziguse kwa kazi hii, hata ziwe bei ya kutupa.

Kuna ruta za kawaida zina kitufe cha QoS, yaani cha kupanga nani apite kwanza. Nyingi zinakuomba uandike kasi ya laini halafu uchague kifaa cha kupewa kipaumbele. Si sawa na CAKE, lakini kama ruta uliyo nayo ina hicho kitufe, kijaribu kabla ya kununua. Andika kupakia megabiti 3.5, upe laptopu yako kipaumbele, rudia ping. Wakati mwingine inatosha.

Sasa makosa ya kufunga, ambayo yameua ruta nzuri nyingi. Kikomo unachoweka lazima kiwe chini ya kasi halisi, asilimia 85 hadi 90, ili foleni ijengeke kwenye ruta yako yenye akili badala ya kujengeka kwenye kiboksi cha faiba, kile ulichofungiwa na kampuni ya intaneti, kisicho na akili. Pima jioni mara tatu, chukua namba ndogo kuliko zote. Kwako ningeanza na 3.5 kupakia na 16 kupakua. Utapoteza kipande cha kasi, ndiyo, na hilo watu linawauma, lakini kipande hicho ndicho kinachonunua utulivu.

Kwenye MikroTik unaunda foleni moja chini ya Queues, unailenga kwenye mtandao wa nyumbani, ambao kwa kawaida ni 192.168.88.0/24, kisha unachagua aina ya CAKE kwa pande zote mbili. Halafu, na hapa ndipo mafundi wengi wanaanguka, unazima kanuni ya FastTrack kwenye Firewall. Ruta inakuja nayo imewashwa, na kazi yake ni kupitisha pakiti kwa njia ya mkato inayoruka foleni. Ukiiacha, umejenga njia ya mwendokasi na kila mtu anapita nje yake. Nimeshaitwa kwenye ofisi tatu zenye foleni safi kabisa kwenye menyu na FastTrack inapiga kazi chini yake.

Kosa la pili: ruta mpya unaichomeka nyuma ya kiboksi cha faiba, watoto wanabaki kwenye waifai ya kiboksi cha zamani kwa sababu wanajua nywila yake. Hao hawapiti kwenye foleni yako hata kidogo. Zima waifai ya zamani. Watalalamika siku moja.

Tuje kwa ugonjwa wa pili, simu zinazokatika baada ya kama nusu dakika. Naomba uzihesabu kwa saa. Nina hakika ya karibu kabisa kwamba ni sekunde 32, na kila mara ni zilezile. Zinatoka wapi? Simu nyingi za ofisini hupangwa kwa lugha ya SIP, ambayo programu hutumia kuanzisha na kukata simu. Mteja akipiga, programu yako inatuma jibu kwamba umepokea, kisha inasubiri upande wa pili uthibitishe. Uthibitisho usipofika inarudia, na kanuni za SIP zinaipa muda wa kusubiri mara 64 ya nusu sekunde. Piga hesabu, ni 32. Baada ya hapo inakata, hata kama mlikuwa katikati ya mazungumzo na mnasikilizana.

Uthibitisho unapotelea kwenye ruta. Ndani ya ujumbe wa SIP kuna anwani ya laptopu yako, na ruta nyingi zina kipengele kiitwacho SIP ALG kinachojitolea kurekebisha anwani hiyo njiani. Nia ni njema, ila kinarekebisha vibaya, na barua ya mwenzako inatumwa kwenye nyumba isiyokuwepo. Kizime. Kwenye TP-Link nyingi kiko chini ya NAT Forwarding, sehemu ya ALG. Kwenye MikroTik kiko IP, Firewall, Service Ports, mstari wa sip. Kama una viboksi viwili, kizime kwenye vyote. Kama kiboksi cha faiba hakikuruhusu, waombe watu wa kompyuta wa kampuni yako wakubadilishie SIP ipite kwa TLS, njia ya kufunga ujumbe kwa siri. Ikishafungwa kwa siri, ruta haiwezi kuisoma, na isichoweza kukisoma haiwezi kukiharibu. Hili ndilo nililosema halina gharama, na lifanye kabla hujavaa viatu vya kwenda Kariakoo.

Ndugu yake ni hali ambayo wewe unaweza kupiga lakini ukipigiwa haiiti. Hapo ruta imesahau kwamba programu yako ipo, kwa sababu imekaa kimya mno. Tafuta kwenye programu sehemu ya kutuma ishara za uhai, uweke kila sekunde 20 au 25.

Kama simu zako zinapita ndani ya VPN ya kampuni, yaani njia iliyofungwa kwa siri hadi kwenye mtandao wa ofisi, jua kwamba ruta inaona bomba moja tu, haitofautishi sauti na mafaili yaliyo ndani. CAKE itakulinda dhidi ya simu za watoto, haitakulinda dhidi ya laptopu yako mwenyewe inayopandisha mafaili ya kazi ndani ya bomba lilelile. Simamisha hilo wakati wa zamu.

Waifai sitaisemea sana: vuta waya. Mita kumi za waya wa mtandao wa Cat5e zitakupa utulivu ambao hakuna antena itakayokupa, hasa Tabata ambako ukifungua orodha ya waifai unaona majina ya majirani yamejaa skrini. Ikishindikana kabisa, laptopu yako iwe kwenye gigahezi 5, na vifaa vya watoto uvisukumie 2.4. Hedifoni za bluetooth nazo zinatembea kwenye 2.4 hiyohiyo. Za waya ni rahisi na mteja atakusikia vizuri zaidi.

Ile hela niliyosema ubakishe ni ya UPS ndogo ya ruta, zile za betri za lithiamu. Umeme ukikatika laptopu inaendelea, lakini ruta inazima na simu inakufa nayo. Ukiona imeandikwa 8,800 mAh, kizidishe kwa volti 3.7 za betri, unapata kama wati-saa 32, na baada ya hasara za ubadilishaji tuseme 27. Ruta ikila wati 5 na kiboksi cha faiba 6, unapata saa mbili na nusu hivi. Hakikisha ina matundu mawili, maana kuwasha ruta na kuacha kiboksi cha faiba gizani ni kazi bure. Soma volti kwenye adapta zako kabla ya kuchomeka. hAP ac2, kwa mfano, inahitaji angalau volti 12, ukiipa tundu la volti 9 haitawaka. hAP lite inatumia volti 5 kwa waya wa simu, hata pawabenki inaiwasha, ingawa baadhi ya pawabenki hujizima zikiona mzigo ni mdogo.

Kuna kitu ruta haitakipunguza, nacho ni umbali. Mwanga kwenye faiba unachukua kama milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Dar hadi London kwa mstari wa ndege ni kilomita 7,500 hivi, na mkongo wa baharini haufuati ndege. Kiwango cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kiitwacho G.114, kinasema chini ya milisekunde 150 kwa upande mmoja mazungumzo hayasumbuki. Siku za kawaida unabaki humo. Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika, hakukuwa na ruta nchini ambayo ingekuokoa, na mimi mwenyewe nilirudi kwenye simu za kawaida.

Anza na SIP ALG, kisha ping ya jioni. Ukishapima niandikie mambo matatu: namba ya ping kabla ya kupandisha video, namba wakati inapanda, na sekunde ambayo simu ilikatika. Nikiziona nitakuambia kama kuna haja ya kununua hiyo hAP au UPS peke yake inatosha.